Asubuhi Kanduyi Ilipojibu

Nilimjua kwa sauti kabla sijamwona. Kila siku ya kazi, asubuhi, simu ya mezani ya ofisi yetu Kitale ililia, na mwanamume aliyesimamia ghala letu la Kanduyi, kule Bungoma, akanisomea kilichobaki: mbegu za mahindi, mbolea ya kupandia, mbolea ya kukuzia, dawa ya viwavi. Mimi nikaandika kwenye kompyuta. Yeye alisema "mborea" badala ya mbolea. Mimi ni binti wa Wakikuyu waliohamia Trans-Nzoia kabla sijazaliwa, na ch na sh zimenipiga chenga tangu shule ya msingi. Kwa hiyo hatukuchekana.

Kampuni iliuza pembejeo kwa wakulima, na shida yetu ilikuwa kwamba habari iliyosomwa asubuhi ilikuwa imechacha kufikia mchana. Mwaka mmoja, mvua ikiwa imeshaanza, alikuja mama mmoja kutoka Endebess akakuta mbegu zimeisha. Nikamwambia Bungoma zipo. Akapanda gari akaenda. Alipofika, mkulima mwingine alikuwa ametoka na gunia la mwisho. Alinipigia simu kutoka kule, hakunitukana, aliniuliza tu, "Sasa wewe ulikuwa unaangalia nini?"

Nadhani si mimi tu niliyeulizwa swali la namna hiyo, kwa sababu muda si mrefu wakubwa walinunua jukwaa la kuunganisha mifumo ya kampuni nzima. Mimi ndiye niliyekuwa nimesomea programu, nikapewa kazi ya kubuni API. Neno hilo linatisha bure. API ni mlango ambao mfumo mmoja unabisha kuuliza mwingine swali. Ukiuliza kwa namna mliyokubaliana, unajibiwa kwa namna mliyokubaliana. Jukwaa lenyewe ni mtu wa kati. Linapokea maswali, linajua nani ana ruhusa ya kuuliza, linayapeleka panapohusika na kurudi na majibu.

Kukubaliana ndiyo kazi. Kwa hiyo nilienda Kanduyi.

Nilitarajia mtu mzee. Nikamkuta kijana wa rika langu, mrefu, shati limepigwa pasi, anapanga magunia kwa mkono wake mwenyewe kwa sababu wapakiaji walikuwa wamekwenda kunywa chai.

"Mulembe, injinia," akasema.

"Mimi si injinia."

"Basi mulembe, wewe wa simu."

Mulembe ni amani. Ndivyo wanavyosalimiana kwao. Sikujua la kujibu, nikasema mulembe vilevile, na kumbe ndivyo inavyojibiwa.

Tulikaa kwenye ofisi yake ndogo iliyonuka mbolea, tukabishana siku nzima kuhusu neno moja: ipo. Kwangu, kitu kikiwa ghalani kipo. Kwake, haikuwa hivyo.

"Kuna mama wa Bumula amelipia mifuko yake," akaniambia. "Anangoja punda wa shemeji. Hiyo mborea iko hapa, unaiona na macho, lakini si yetu. Ukimwambia mtu wa Kitale ati ipo, utakuwa umemdanganya."

"Na mama asipokuja?"

"Atakuja bana. Si amelipa?"

Mimi nilihofia jibu refu litashinda modemu yake dhaifu. Yeye alihofia jibu fupi litasema uongo. Jioni tukawa tumekubaliana: jibu litakuwa na sehemu tatu, kilichopo, kilichoshikwa, na maelezo, mstari mmoja wa maneno ambamo msimamizi angeweza kuandika chochote kinachohitaji kujulikana. Sehemu hiyo ya maelezo aliiomba yeye. Mimi niliona haina kazi, nikaiweka kwa sababu nilikuwa nimechoka, na kwa sababu ndiye aliyeiomba.

Siku ya kuuweka mlango kazini nilikuwa Kitale, yeye Kanduyi, simu zikiwa masikioni. Nikatuma swali la kwanza. Kimya. Nikatuma la pili. Kwenye kioo changu ikatokea mbegu ya mahindi, kilichopo, kilichoshikwa, na kwenye maelezo: Karibu tena Kanduyi.

"Umepata?" akauliza.

"Nimepata."

Alipiga kelele hadi wapakiaji wakaja kuona kulikoni. Niliwasikia wakimuuliza, naye akiwaeleza kwa Kibukusu, na katikati ya maneno nisiyoyaelewa nikasikia "Kitale".

Baada ya hapo simu ya asubuhi haikuwa na kazi tena. Nilikuwa nimeiua mimi mwenyewe, na nilianza kuikosa siku iliyofuata. Bahati yetu, mlango haujengwi ukaachwa. Kampuni ilinitaka niuchunge: kwenye kompyuta yangu palikuwa na ukurasa wenye alama ya kila ghala, kijani likijibu, nyekundu likinyamaza. Kanduyi ilinyamaza mara nyingi. Umeme ulipotea, modemu ilipata joto, panya alitafuna waya. Kila ilipogeuka nyekundu nilipiga simu, nikiwa nimekunja uso kwa ajili ya wenzangu wa ofisini, moyo ukicheza.

"Kanduyi imelala," nilikuwa nikisema.

"Naiamsha. Lakini kwanza niambie, huko kumenyesha?"

Tukazungumza mvua, halafu mama zetu, halafu mambo mengine. Kwao ni Bumula. Mama yake alilima miwa na kufuga kuku wasiochinjwa ovyo. Nilimweleza wa kwetu, kwamba baba hakuwahi kukubali kuwa Kitale ni kwao ingawa aliishi hapo muda mrefu kuliko mahali popote. Siku moja akaniuliza, "Ukikuja Bungoma siku haina kazi, utaniambia?" Nikacheka. Nikasema nitamwambia baada ya Krismasi.

Baada ya Krismasi ile ulikuja uchaguzi, na baada ya uchaguzi, kila Mkenya wa umri wangu anajua kilichokuja: ghasia, majirani wa makabila tofauti wakigeukiana. Barabara zilifungwa kwa mawe na magogo. Upande wa Mlima Elgon tuliona moshi. Watu wa kwetu walilala kanisani. Maduka yalifungwa na kadi za kuongezea simu pesa zikawa adimu kuliko unga. Nilijaribu namba yake hadi salio langu likaisha, na haikupatikana.

Ofisi yetu ilikuwa mjini, karibu na kituo cha polisi, na mlinzi aliniruhusu kuingia. Sikuwa na kazi yoyote ya kufanya. Nilienda kutazama alama. Kanduyi ilikuwa nyekundu siku ya kwanza, na ya pili, na zilizofuata. Nilijua maana yake ya kiufundi: kompyuta ya ghala huwashwa kwa mkono, na hakuna aliyeiwasha. Maana zake nyingine nilizikataa.

Halafu asubuhi moja ikageuka kijani.

Nilituma swali la mbegu. Jibu likaja, na kwenye maelezo, mahali ambapo kwa kawaida aliandika "mifuko imelowa" au "lori linakuja", alikuwa ameandika: Niko sawa. Wewe?

Nililia pale ofisini peke yangu. Kisha nikatambua kwamba sina namna ya kumjibu: salio sina, na simu ya mezani ilikuwa imekatika tangu ghasia zianze. Mlango niliobuni ulikuwa wa kuuliza tu. Kitale inauliza, Kanduyi inajibu. Wakubwa walitaka hivyo kwa usalama, na mimi nilikubali kwa sababu sikuona ghala lingehitaji kuambiwa nini. Yule mtu alikuwa ameniuliza hali yangu, na chombo chote cha kampuni hakikuwa na njia ya neno moja kurudi.

Basi nikabuni mlango wa pili. Sikumwomba mtu ruhusa. Hapakuwa na wa kuombwa. Niliuita "taarifa kwa maghala", ili ufanane na kitu cha kiofisi, na nikauandika uonyeshe mstari mmoja wa maneno juu ya ukurasa wa hesabu ya ghala, mahali ambapo hangeweza kuukosa. Kwa kawaida kazi kama hiyo ningeijaribu mara nyingi kabla ya kuiweka kwenye mfumo unaotumika. Niliijaribu mara moja, nikaituma kupitia jukwaa hadi kwenye kompyuta yake, nikaomba Mungu.

Kilichonishinda ni maneno. Niliandika kwamba nimekuwa nikimngoja, nikafuta, kwa kuwa wapakiaji wangeweza kusoma. Nikaandika "Sisi wa Kitale tuko salama", nikaona aibu ya ule wingi. Mwishowe nikatuma: Niko sawa. Usitoke nje ovyo.

Nikauliza mbegu. Kwenye maelezo: Mulembe.

Wiki zile tuliishi hivyo. Nikiuliza mbolea ya kupandia, ananiambia kwamba maziwa hakuna lakini uji upo. Nikiuliza dawa ya viwavi, ananiambia mama yake amechinja kuku wawili, kwa maana hajui kesho italeta nini. Mimi namwambia tulikolala, nani ameonekana, nani hajaonekana. Hakuna aliyemwambia mwenzake neno la mapenzi. Lakini niliamka kila siku nikitamani kuuliza habari za mbolea, na sijawahi tena katika maisha yangu kutamani kitu kwa namna ile.

Barabara zilifunguliwa, na wakati nilipokuwa nikifikiria gauni la kuvaa kwenda Bungoma, baba akatangaza kwamba tunahama. Nyumba ya jirani yetu ilikuwa imechomwa. Mama alikuwa na presha, na tangu wiki zile alishtuka hata mlango ukifungwa na upepo. Ndugu za baba walikuwa na kipande cha shamba Nyandarua. Mimi ni mtoto wao wa pekee. Hakuna aliyeniamuru kwenda, na hakukuwa na haja.

Nilikwenda Kanduyi kumwambia ana kwa ana. Tulikaa kwenye magunia, maana kiti kilikuwa kimoja. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kuna nyumba Bumula," akasema. "Si kubwa. Lakini mama yako anaweza kupata chumba."

"Baba hatakubali kuhamia huko."

"Na wewe?"

"Nipe muda. Acha mama apate nafuu kwanza. Utaniuliza tena."

Akatabasamu, bila furaha. "Si ni wewe ulinifunza? Mfumo ukiuliza na jibu likichelewa sana, unaacha kungoja."

"Wewe si mfumo."

"Eeh," akasema. "Mimi nitangoja zaidi kidogo."

Alinisindikiza hadi barabarani. Kulikuwa na mechi uwanjani na watu walikuwa wakipita wakiimba, kana kwamba nchi haikuwahi kuugua. Alinipa mkono, na mkono wake ulikuwa na vumbi la mbolea, na sikuufuta wangu hadi Kitale.

Kule Nyandarua simu ilishika mtandao juu ya kilima tu. Mwanzoni nilipanda kila Jumapili. Kisha mvua, kisha mama kulazwa, kisha mimi kupata kazi Nakuru. Tulipopatikana tulizungumza kama watu wanaoshika sahani ya moto, tukiogopa kuiangusha. Baadaye namba yake ikawa haipatikani. Mtu mmoja wa ofisi ya zamani aliniambia kwamba ameacha kazi ya ghala, ameoa, anafundisha kompyuta karibu na Malakisi. Nilisema ni habari njema, na zilikuwa.

Kijana aliyerithi kazi yangu Kitale alinipigia simu wakati huohuo. Walikuwa wakihamia toleo jipya la jukwaa na alikuwa anasafisha.

"Madam, kuna API hapa inaitwa taarifa kwa maghala. Haina maelezo popote, na hakuna anayeitumia. Ilikuwa ya nini?"

Nilikuwa nimesimama sokoni, mkononi nyanya. Nilifikiria kumweleza.

"Ilikuwa ya muda," nikasema.

"Naweza kuifunga?"

"Funga."

Akanishukuru, akakata.

Mama aliishi miaka mingine kadhaa, na mwaka wake wa mwisho alikuwa mwepesi wa moyo kuliko nilivyowahi kumwona. Adhuhuri moja tulikuwa uani tukimenya minji, zile njegere mbichi. Bila kuinua macho akaniuliza, "Yule mtu wa Bungoma, aliyekuwa akikufanya ucheke na simu. Kwa nini hukumleta?"

Nilimwambia nilidhani wasingekubali, yeye na baba, hasa baada ya yale.

"Baba yako angenuna," akasema. "Angenuna mwaka mzima, halafu angemwonyesha ng'ombe." Akaendelea kumenya. "Ungemleta tu, mwanangu. Mimi nilikuwa nangoja umlete."

Nilivuta sufuria karibu naye, kwa sababu minji ilikuwa ikidondoka chini.