Fundi Bobini na Pikipiki ya Kijivu

Ndiyo, mke wangu ndiye anayeendesha, na mimi ndiye ninayekaa nyuma. Nimeanza na hilo ili anayetaka kucheka acheke sasa hivi, tumalizane, kisha anisikilize. Mtaani kwetu wananiita Abiria. Wapo wanaonipungia mkono tukipita na kuniuliza kama nimelipa nauli. Nawajibu kwamba nalipa kila jioni kwa kuosha vyombo, na dereva hajawahi kulalamika.

Yeye wanamwita Fundi Bobini, kwa jina la kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini wa cherehani. Anatengeneza cherehani. Nimesema anatengeneza, sikusema anashona, na ukimwita mshonaji atakusahihisha hapo hapo, hata kama mko msibani. Mimi ni seremala. Cherehani ikiugua, mara nyingi kichwa chake kina kasoro na meza yake nayo imelegea, kwa hiyo yeye anashika chuma, mimi nashika mbao. Ndivyo tulivyokutana, kila mtu ameinama upande wake wa cherehani moja, na hatujaachana hadi leo wajukuu wanatuita babu na bibi.

Kwa miaka mingi kazi hiyo tuliifanya kwa pikipiki ndogo ya kujifunzia, ambayo muungurumo wake haukuzidi wa blenda. Aliinunua akiwa hajui hata gia. Alijifunzia kwenye uwanja wa shule siku za Jumapili, akianguka na kujipangusa magoti. Tuliiita Kadogo, na sitaki mtu aiseme vibaya mbele yangu. Kadogo ilimvumilia alipokuwa akiachia klachi ghafla, ikamvumilia alipokuwa akikanyaga breki kama anaua mende. Pikipiki kubwa ingemtupa mtaroni siku ya kwanza, na huenda asingepanda tena maisha yake yote.

Lakini Kadogo ilikuwa imefika mwisho wa uwezo wake. Nyuma ya mtaa wetu kuna mlima. Njia ni ya udongo, inapita mbele ya tanuri la matofali, inapinda, halafu inasimama wima. Ng'ambo ya mlima ndiko waliko wateja wetu wengi, akina mama wanaoshonea nyumbani kwa cherehani za chuma za zamani. Hawawezi kuzibeba, na hawawezi kukaa siku nyingi bila hizo, maana ndizo zinazowalisha. Bobini huwafuata kwao. Ugonjwa mdogo anautibu pale pale, ugonjwa mkubwa anakuja na kichwa nyumbani, kisha anakirudisha kikiwa kizima.

Sasa, kichwa cha cherehani ya zamani ni chuma kitupu. Kiweke kwenye keria, niweke na mimi, halafu iambie Kadogo ipande mlima. Ilikuwa ikifika kwenye tanuri inaanza kukohoa, nami nashuka. Nimeshuka pale mara nyingi mno, hadi wafyatua matofali wakituona tu wanapiga makofi na kupaza sauti, "Abiria, kituo chako!" Baadaye kushuka kukawa hakutoshi, nikawa nasukuma. Mwisho hata kwa kusukuma ikagoma, na Bobini akaanza kuwaambia wateja wa ng'ambo wasubiri kidogo.

Hapo ndipo kaka yake alipoingia. Ni dereva wa lori, na katika familia yao hakinunuliwi kitu, kuanzia friji hadi jeneza, bila yeye kukikagua. Alikuja kwetu, akajaa kwenye kochi, akasema, "Dada yangu, umri umekwenda. Achana na kazi ya kuzunguka. Kaa barazani, weka kibao chako, wateja watakuja wenyewe."

"Watakujaje, kaka? Na cherehani kichwani?"

"Watajua wenyewe."

"Mimi nanunua pikipiki kubwa kuliko hii."

Kaka aliangua kicheko. Kweli, mke wangu ni mfupi. Akivaa kofia yake ngumu na kusimama kando yangu, kofia hainifikii begani. "Kubwa utaifikia wapi wewe?" akasema. "Utaning'inia kama nguo kwenye kamba."

Bobini akikasirika hapandishi sauti. Alikuwa na bisibisi mkononi, na nikamwona anakaza skrubu ambayo alikwisha kuikaza. "Jumamosi njoo duka la pikipiki," akasema. "Utaona mwenyewe."

Kaka alipoondoka, Bobini alibaki ameishika ile bisibisi. "Kule ng'ambo kuna mjane ananisubiri tangu juzi nimrudishie kichwa cha cherehani yake," akaniambia. "Nisipoupanda mlima ule, nani atampelekea? Nani, niambie. Wananiambia nimezeeka. Aliyezeeka ni Kadogo."

Nilijua maana yake. Mke wangu akikaa barazani chini ya kibao, atakuwa anasubiri watu wasiokuja, na mimi nitakuwa nikimwangalia akisubiri. Niliogopa jambo hilo kuliko nilivyowahi kuogopa mlima wowote. Jumamosi nikaweka kichwa kimoja cha cherehani ndani ya kreti ya mbao niliyoiunda mwenyewe, kama alivyoniagiza, tukaenda.

Duka lile lina ua wa saruji, na pikipiki zimepangwa safu kwa safu, zinanuka mpira mpya. Muuzaji mwenye tai akampita Bobini kama anayepita nguzo, akaninyooshea mimi mkono. "Karibu mzee wangu. Unatafuta ya namna gani?"

"Mimi natafuta pa kukaa," nikamwambia. "Mnunuzi ni huyo uliyempita."

Badala ya kumgeukia, akamgeukia kaka, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye lori lake. Kaka hakukataa heshima hiyo. Akatembea katikati ya safu mikono nyuma, akasimama mbele ya pikipiki nyekundu, ndefu, ya kukimbilia kwenye matope. "Kama lazima ununue, nunua hii. Hii ndiyo inayopanda milima."

Bobini akaipanda. Miguu ikaning'inia, akalazimika kuiegemeza upande mmoja ili afike chini kwa ncha ya kiatu. "Kupanda itapanda," akasema. "Lakini kuna kusimama pia, kaka. Nikisimama kwenye kona ya tanuri na mzigo nyuma, mguu nauweka wapi? Hewani?"

Muuzaji akaja na ya kwake, nyeusi inayometameta, siti iko chini, pana, na ya nyuma ina mahali pa kuegemea mgongo. Nikaikalia kujaribu. Jamani, ile siti! Niliegemea, nikanyoosha miguu, na nisingeshuka kwa hiari yangu.

"Umestarehe?" Bobini akaniuliza.

"Sana."

"Shuka."

Nikashuka shingo upande. Akaishika usukani, akajaribu kuirudisha nyuma itoke kwenye safu. Haikusogea hata kidogo. Akatafuta pa kufunga mzigo, hapakuwapo. "Hii ni ya kwenda nayo harusini," akasema, akaipa mgongo.

Ile aliyoitaka alikuwa ameshaiona tangu tunaingia, mimi nilijua kwa vile alivyokuwa haitazami. Ilikuwa pembeni, ya kijivu, haina pambo lolote. Injini yake ilikuwa sawa na ya ile nyekundu, zaidi ya mara mbili ya Kadogo, lakini ilikuwa ya chini na nyembamba kiunoni, na keria yake ya chuma ilitoka nayo kiwandani.

"Hiyo, mama, huwa wanachukua watu wa kusambaza mizigo," muuzaji akasema.

"Na mimi nasambaza nini? Maua?"

Akaikalia. Nyayo zikafika chini, visigino tu vikabaki juu kidogo. Akaisukuma mbele, akairudisha nyuma, akakata usukani kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho. Akauliza kama cheni yake na waya wake wa klachi vinapatikana kwa mafundi wa mtaani, au ni mpaka vije kwa meli. Muuzaji akasema vinapatikana. Akamwambia amtajie fundi mmoja. Akamtaja, na kwa bahati ni mtu tunayemjua. Ndipo Bobini akanigeukia na kusema, "Funga mzigo."

"Mama, haturuhusu kufunga mizigo kwenye pikipiki mpya," muuzaji akasema.

"Na kuuza, mnaruhusu?"

Nikafunga. Kisha akaokota maboksi matupu yaliyokuwa ukutani, akayatandaza kwenye saruji, akaishika ile pikipiki, na taratibu akailaza chini pamoja na mzigo wake. Muuzaji akapiga ukelele kama ameona nyoka. "Mama! Unaangusha mali!"

"Sijaangusha, nimeilaza. Kuangusha nitaangusha siku ya matope, na siku hiyo wewe hutakuwepo kuniinulia."

Watu wakasogea. Wateja wengine, mafundi wa duka, hata mlinzi wa getini. Bobini akaipa siti mgongo, akakunja magoti, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye keria, kama alivyokuwa akifanya na Kadogo, akasukuma kwa miguu. Ikanyanyuka kidogo, ikarudi. Akavuta pumzi, akajaribu tena. Ilifika karibu na magoti, ikarudi. Jasho likamtoka. Nikasikia mtu nyuma yangu anacheka puani.

"Si nilisema mimi?" kaka akasema, huku akikunja mikono ya shati. "Sogea, nikuinulie, twende nyumbani."

Mimi si mtu wa ugomvi, kila anayenifahamu atakwambia hivyo. Lakini nilimsimamia mbele. Mikono nikaitia mifukoni. "Shemeji," nikamwambia, "ukiigusa ile pikipiki, leo mimi na wewe hatutaelewana."

Akanitolea macho. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yangu ikiwa na ukali. Akabaki pale alipo.

Bobini alikuwa anaitazama pikipiki kama anavyoitazama cherehani inayokata uzi. Nilimwona anafikiri. Kisha akachuchumaa, akafungua kamba moja, akafungua ya pili, akaivuta kreti na kuiweka kando. Akaipa pikipiki mgongo tena, akakunja magoti, akasukuma. Ikasimama. Akaitia stendi, akaibeba kreti kwa mikono yake mwenyewe, akairudisha kwenye keria, akafunga kamba zote mbili, akazivuta kuhakikisha.

"Hiyo haihesabiki," kaka akasema. "Umetoa mzigo."

"Nani kasema lazima niinue na mzigo? Hizi kamba zina kazi gani?" Bado alikuwa akihema. "Matope yakinilaza nitafungua, nitainua, nitafunga. Nitachelewa, ndiyo, lakini nitafika. Wewe lori lako likipinduka, unaliinua na mchanga wake ndani?"

Ua mzima ukaangua kicheko, mlinzi wa getini akashikilia mbavu. Kaka akaenda kukagua matairi ya lori lake ambayo hayakuwa na tatizo lolote.

Tulipomaliza mambo ya ofisini, muuzaji akanyoosha mkono anipe mimi ufunguo. Mikono yangu bado ilikuwa mifukoni, nikaiacha huko huko. Alisimama na ufunguo wake, akatabasamu, akaacha kutabasamu, mpaka mwenyewe akaona njia ya kwenda kwa mwenye nao.

Bobini hakuupanda mlima siku hiyo. Alirudi kwenye uwanja ule ule wa shule, na umri wake, watu wakimchungulia juu ya ukuta, akaanza upya kama mwanafunzi. Klachi ilikuwa ngumu zaidi, na nguvu ilikuja haraka kuliko alivyozoea. Ilimzimikia mara kadhaa, na wale wa ukutani wakashangilia. Hakuwatazama. Aliporidhika, akaja nyumbani akasema kesho tunakwenda kwa mjane.

Kesho yake tukaenda, mimi nyuma yake, kichwa cha cherehani ya mjane nyuma yangu. Tulipokaribia tanuri akapunguza mwendo kwa ajili ya kona, na wafyatua matofali wakainuka na makofi yao. "Abiria, kituo chako!"

Na mimi, niamini, nikashuka. Mguu ulishuka wenyewe, kwa mazoea ya miaka, kabla sijakumbuka kwamba nimekalia pikipiki nyingine. Ile ya kijivu haikuhisi tofauti yoyote, ikaunguruma, ikapanda, ikapotelea juu, na mimi nikabaki kwenye vumbi nimenyoosha mikono kama mtu aliyenyang'anywa sinia. Walicheka hadi mmoja akakaa kwenye matofali mabichi na kuyaharibu. Miaka yote hiyo ya kuitwa Abiria sikuwahi kuona aibu. Siku hiyo niliona.

Nikasikia muungurumo unarudi. Alishuka mlima taratibu, akageuza pale pale kwenye kona, akasimama mbele yao nyayo chini, akafunua kioo cha kofia.

"Nani kakwambia ushuke?"

"Mazoea," nikasema.

"Panda."

Mfyatua matofali mmoja, mkubwa wao, akasema, "Fundi, si ulikuwa umeshafika juu? Ungemwacha tu atembee."

"Juu nilikuwa nafika hata kwa miguu," Bobini akamjibu. "Pikipiki hii nimeinunua ili mume wangu asishuke."

Nikapanda. Nilimshika kiuno kwa mikono yote miwili, mchana kweupe, mbele ya tanuri zima, tukaondoka mimi na yeye na cherehani ya mjane. Kama kuna aliyepiga makofi mimi sikumsikia, tulikuwa tumeshafika juu.