Kamba Moja ya Abdul-Karim

Abdul-Karim anauza jezi za mivumba, yaani mitumba, katika soko la Owino, zile zinazokuja kwa marobota zikiwa bado na jasho la Ulaya. Ukimpita bila kununua anakutabiria timu yako kushuka daraja. Ni mtoto wa mama yangu mkubwa, kwa hiyo ninayo ruhusa ya kumsema, na leo nitaitumia yote.

Kwa miaka mingi alikuwa winga wa kulia wa timu yetu ya Kibuli, namba saba mgongoni, akikimbia kando ya mstari wa chaki kana kwamba ameuoa. Mpira ukitoka katikati anaunasa, anapiga krosi, anageuka kutazama kama watu wameona. Watu walimkubali. Yeye alijikubali zaidi.

Halafu akaja Zaid. Huyu ni kijana wa duka la viungo pale chini ya msikiti, ukoo wa watu waliotoka pwani zamani na biashara zao, mpole wa kuamkia hadi paka. Mwaka jana alikuwa hawezi kupokea mpira bila kuupoteza. Mwaka huu anaiona pasi kabla haijapigwa. Na wala hakuficha dawa yake: alikuwa na shida ya macho, akapewa lenzi, na jioni anakwenda Kabalagala kwa Julienne, mama wa Kikongo mwenye chumba cha kupima macho katikati ya baa mbili. Huyo Julienne huwafundisha wachezaji kuona.

"Kufundishwa kuona!" Abdul-Karim aliangua kicheko. "Mbuzi anaona, na hajalipa karo hata siku moja."

Alicheka hivyo hadi kocha Otema alipopanga kikosi cha kujiandaa na mechi ya Idi dhidi ya Bombo. Zaid kulia. Karim kushoto.

"Kocha, mimi ni wa kulia."

"Winga ni winga, Karim. Nenda kule nione. Ijumaa nitasema nani anabaki na nani anakaa benchi. Na saba itavaliwa na atakayebaki kulia."

Kushoto mambo yakaharibika. Pasi zilimpita kama mtu asiyejuana naye. Akamgonga beki wetu wenyewe, akamgonga tena, kisha akamgonga refa.

"Hawanipi mpira!" alinilalamikia. "Wanaupiga nyuma ya mgongo wangu makusudi. Huyu mtoto wa duka amewanunua kwa iliki."

Wivu ukamwingia. Alihesabu nani kamsalimia Zaid kwanza. Kwenye kibanda chake, mteja akiulizia jezi ya namba saba, anaambiwa zimeisha, na yeye amezikalia kumi nzima. Hatimaye akanishika mkono. "Twende Kabalagala. Nataka kuona anapewa nini kule."

Mimi nilitegemea hirizi. Tukakuta mipira ya tenisi imening'inizwa kwenye dari, kila mmoja umeandikwa herufi, na Zaid amesimama ameshika ncha ya kamba puani. Ncha ya pili imefungwa kwenye kitasa cha mlango. Katikati kuna shanga tatu za kupandwa kama madarasa: nyekundu, njano, na mwisho kijani.

"Angalia ule wa njano," Julienne alimwambia. "Unaona kamba ngapi?"

"Mbili. Zinakutana kwenye ushanga."

"Vizuri sana."

Abdul-Karim aliitazama kamba. Akanitazama mimi. Akaitazama tena.

"Karibu, papa," Julienne akasema, maana kwao kila mwanamume ni papa, yaani baba. "Unapenda kujaribu?"

Alimnyang'anya Zaid kamba, akaibandika puani. "Moja," alisema, kama shahidi mahakamani.

"Angalia tena, polepole."

"Mama, moja ni moja. Hesabu nimesoma."

Julienne aliacha kutabasamu. "Kaa chini kidogo, papa, nikupime hilo jicho."

Lakini papa alikuwa ameshatoka nje, anaruka mitaro kwa furaha. "Umesikia kwa masikio yako? Anaona kamba mbili! Bombo wana goli moja, yeye ataona mawili. Atapiga lipi?"

Mpaka Ijumaa, Owino nzima ilikuwa na habari. Baada ya swala tulikusanyika uwanjani, na Abdul-Karim akasimama mbele ya watu wote.

"Kocha, kabla hujasema neno, muulize Zaid anaona kamba ngapi."

Zaid hakubisha. Alitoa kamba yake kwenye begi, akaifunga kwenye mlingoti wa goli, akampa kocha ncha. "Jaribu wewe, kocha."

Otema akaiweka puani, akakodoa macho. "He! Mbili."

Nasif, golikipa wetu, naye akajaribu. "Mbili. Wallahi mbili."

Nikashika mimi. Kwa ajili ya undugu nilitamani sana kuona moja. Zilikuwa mbili, zimekutana vizuri pale kwenye ushanga wa njano. Abdul-Karim alikuwa bado anacheka, ila kicheko kilikuwa kimebaki peke yake.

"Leteni hapa." Akashika. Akatazama muda mrefu kuliko sisi sote. "Moja," akasema, safari hii kwa sauti ndogo.

"Kaka Karim," Zaid alisema, "hebu ziba jicho la kushoto. Mbele yako amesimama nani?"

Akaziba. "Kuna kitu cheupe."

Kitu cheupe nilikuwa mimi, ndugu yake, ndani ya kanzu ya Ijumaa.

Hakuna aliyecheka, hata mimi, na mnanijua. Zaid akaeleza alivyofundishwa kwa Julienne: jicho moja likiwa dhaifu tangu utoto, ubongo hulizima, na mwenyewe asijue kamwe. La Karim ni la kulia: alipocheza kulia, jicho hilo lilitazama mstari na watazamaji wanaotafuna karanga. Alipohamishiwa kushoto, uwanja mzima ukawa upande wa giza.

Otema akajishika kichwa. "Kumbe ndiyo maana! Karim, rudi kulia. Zaid ana macho mawili, atacheza kushoto."

"Na saba?"

"Najua nilivyosema, lakini saba Zaid ameshaivaa. Chukua kumi na moja."

Naapa lile la jicho lilimuuma kidogo kuliko lile la jezi.

Siku ya Idi, Zaid aliinua mpira kutoka kushoto, ukavuka uwanja mzima. Abdul-Karim aliuona tangu ulipoondoka mguuni, akaupiga kichwa, goli. Akatanua mikono. Uwanja ukaimba, "Zaid! Zaid!" kwa ajili ya ile pasi. Mimi ndiye niliyetoka benchi kwenda kumkumbatia, kwa undugu, na pia kwa sababu sikuwa na njia nyingine ya kuingia uwanjani siku ile.

Sasa naye huenda Kabalagala, jicho zima limefunikwa, lile bovu linafanyishwa kazi. Julienne hakumdanganya: kwa umri wake huenda likaamka kidogo, huenda lisiamke kabisa. Alisikiliza yote kamba ikiwa puani.

"Una swali, papa?"

"Zaid alifika ushanga wa kijani baada ya muda gani?"

"Zaid hakuwa na shida kama yako."

"Shida yake sijaiuliza, mama. Nimeuliza ushanga."