Vikombe vya Upepo pale Manibe

Usinikunjie pua kabla sijamaliza. Nilikuwepo, na macho yangu bado yanaona.

Jumanne nilimsindikiza jirani yangu ofisi ya kilimo hapa Manibe. Simsim yake, ule ufuta wa msimu mzima, ilikuwa imesimama shambani kwa mafungu, maganda yamefunguka midomo. Upepo ukiangusha fungu, mbegu zinamwagika mchangani. Na simu yake ilikuwa imepokea ujumbe wa ofisi hiyo: kesho alasiri, upepo mkali.

"Nani anakuambia upepo unakuja?" jirani akamuuliza bwana wa ofisi.

Bwana akaonyesha dirishani mlingoti wenye vikombe vinavyozunguka. "Mama, ile iko napima upepo. Ingine iko Koboko. Zote napeleka habari kwa kompyuta."

"Vikombe bila chai! Mimi nitakung'uta Jumamosi, watu ya kanisa wakuje kusaidia."

"Jumamosi utakung'uta mabua, mama."

Jirani alifyonya. Lakini kesho yake asubuhi tulikung'uta, wanawake wanne juu ya turubai moja, tukimtukana yule bwana kila mgongo ulipouma.

Alasiri upepo ukaja. Mafungu matupu yalianguka yote, nasi tumekalia magunia, tunacheka kama walevi.

Alhamisi tukampelekea bwana bakuli la simsim. Tukamkuta anatambaa chini ya meza, anaokota karatasi zilizotawanywa na upepo wa jana, mlango bado uko wazi.

"Ujumbe haikufika kwako?" jirani akamuuliza.

Nikaweka bakuli juu ya karatasi zilizobaki mezani, nikatoka, nikamfungia mlango mwenyewe.