Mkono Aliouficha Babu Mbele ya Daktari wa Telefoni

Kazi yangu ilikuwa kunyamaza. Nilichukuliwa kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na pikipiki hainichoshi. Shule niliachia mwaka wa pili wa sekondari. Nilifuatana na muuguzi kwa wagonjwa waliorudishwa nyumbani bila tumaini la kupona. Yeye aliwaonanisha kwa telefoni na daktari wa ubongo aliye mbali sana. Mimi nilikaa pembeni na fishi, karatasi ya maswali, nikijaza: daktari aliona vizuri? mgonjwa alielewa? Tulikuwa tunapima kama matibabu ya namna hii yanafaa. Yakifaa, nilijiwazia, kila kijiji cha Kabambare kitapata telefoni yake, na mimi nitakuwa mkubwa wa telefoni zote.

Siku ile tulikuwa kijijini Wamaza, kwa mzee mwenye uvimbe kichwani.

"Mutoto," aliniambia, "unaandika nini na mimi sijasema kitu?"

"Naandika kama uko na matata, babu."

Mke wake akacheka. "Basi karatasi haitatosha."

Alikuwa amemwogesha na kumvika kanzu nyeupe na kofia, maana mgeni ni mgeni hata akija ndani ya telefoni. Rezo, mtandao wa telefoni, ilishika nyuma ya jikoni tu, kwa hiyo tukambeba na kiti chake mpaka kule. Majirani wakajaa. Tulipokuwa tunambeba niliuona mkono wake wa kushoto: ulining'inia kama nguo iliyolowa. Alipoketi tu, mke akaufunika kwa kitenge. Muuguzi alikuwa ametangulia kutafuta rezo; hakuona.

Daktari akatokea, akasema Kifaransa, muuguzi akatafsiri. Kichwa kinauma?

"Alhamdulillah, nzuri tu."

Usingizi?

"Nzuri."

Mbele ya mgeni na majirani angejibu nini kingine?

"Dokta anasema uinue mikono."

Babu akainua wa kulia, wima kabisa.

"Na mwingine."

"Huu mumoja unatosha," akasema kwa upole. Mtu wa heshima ananyoshewa mkono wa kushoto?

Hapo picha ikaganda, muuguzi akahangaika na telefoni. Iliporudi, daktari alikuwa ameshapita kwenye jambo lingine.

"Anasema mikono ameiona, hakuna badiliko. Dawa ni ile ile, mutaonana mwezi ujao," muuguzi akatafsiri.

Mwezi ujao! Alama ya betri ilikuwa nyekundu. Nikatazama fishi yangu. Sheria ya kwanza tuliyofundishwa: mpimaji haingilii. Nikisema, naharibu kipimo, pengine na kazi yangu. Nisiposema, babu atangoja mwezi mzima na ule uvimbe unakua. Nikaweka kalamu chini.

"Dokta, ngoja!" Sauti ilitoka kama ya sokoni. "Mukono wa kushoto iko chini ya kitenge!"

Babu akanitazama kama nimemvua nguo.

"Mutoto, unataka nimutukane mutu mukubwa mbele ya watu?"

Machozi yalinijaa. Mke wake ndiye aliyesogea.

"Mukono huu naogesha mimi kila siku," akamwambia mumewe. "Wacha wauone."

Akaondoa kitenge, akauinua kwa mikono yake miwili, akauachia. Ukaanguka juu ya goti.

Daktari akasogeza uso karibu. Ulianza lini?

"Siku sita," mke akasema. "Na kila asubuhi kichwa kinauma mpaka analia."

"Silii!"

"Unalia, baba."

Muuguzi akaandika upesi: dawa ya kupunguza uvimbe iongezwe, kuanzia leo leo. Vidonge vilikuwamo mkobani.

"Mwambie anisamehe huu mukono," babu akasema.

Daktari akacheka kidogo, akainua kalamu yake. Alikuwa ameishika kwa mkono wa kushoto.

"Na wazazi wake walimwacha hivyo?" babu akauliza, na majirani wakaangua kicheko. Telefoni ikazima.

Siku ya tatu, ofisini Kasongo, mkubwa wangu wa kazi alisoma fishi mara mbili.

"Ulisema."

"Nilisema."

"Basi nyumba hii hatuwezi kuihesabu kwenye kipimo." Akaikata fishi kwa mstari mmoja mrefu. Nilingoja anifukuze. Badala yake akauliza, "Na mzee anaendeleaje?"

Nikamwambia nilivyosikia kwa muuguzi: mkono haujarudi, wala hautarudi. Lakini asubuhi mbili sasa babu anaamka bila kulia, na anaomba chai.