Dakika Sita za Zuwena

Shemeji yangu Talib ana adabu iliyopita kiasi, na adabu hiyo ndiyo iliyotuumiza. Karibu miaka thelathini anapakia mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow, London, anakaa Hounslow, na basi likimkanyaga mguu yeye ndiye atakayeomba radhi. Marehemu mdogo wangu Zuwena, mkewe, alikuwa akimtania hivyo. Nami namtania bado, ingawa siku hizi utani hautoki vizuri.

Starehe yake ni filamu moja ya zamani ya shujaa mwenye barakoa ya shaba. Mtandaoni kuna jukwaa la watu wazima, wenye akili zao, wanaobishana juu yake: kanda ipi ilikuwa na rangi sawa, DVD ipi ilikatwa, Blu-ray ipi imewafanya watu wote wawe kijani. Zikivuma tetesi kwamba kampuni itaisafisha upya, jukwaa zima linachemka. Kilio chao kikubwa kilikuwa dakika sita ambazo shujaa anavua barakoa jikoni mbele ya mama yake. Zilionyeshwa kwenye televisheni mara moja, mwaka 1997, kisha hazikuonekana tena popote.

Talib alikuwa nazo. Alizirekodi siku ile, na kwenye kanda hiyo hiyo ilikuwemo sauti ya Zuwena. Mama yetu alikuja kutoka Unguja kulea mjukuu, Kiingereza hajui hata cha kuombea maji, na kila siku anataka aelezwe yule wa barakoa anasema nini. Zuwena alikuwa akishinda kazini. Basi Jumapili moja alichomeka maikrofoni kwenye deki, akafuta maneno ya Kiingereza, akaieleza filamu nzima kwa Kiswahili na ya kwake akayatia. "Mama, huyu kakasirika, lakini usiogope, kesho atarudi kuomba chakula." Nilikuwepo, nikacheka mpaka akanitoa chumbani.

Mwaka uliofuata alifariki, na mtoto wake Ibtisam alikuwa hajatimiza miaka miwili. Simu za kurekodi hatukuwa nazo. Video ya harusi yao mpiga picha aliijaza taarabu mwanzo hadi mwisho. Sauti ya Zuwena ikabaki kwenye kanda ile peke yake. Deki ikafa, kanda ikaota ukungu kabatini, na Talib akaogopa kumpa mtu yeyote.

Mwaka jana alijitosa, akaandika jukwaani kwamba dakika sita anazo. Walimvamia. Ulrich, fundi wa kanda anayekaa Tooting, alijitolea kuihamishia kwenye kompyuta bure, akaonya kwamba kwa ukungu ule huenda ikazunguka mara moja tu. Talib alikubali, akamwambia Ibtisam, "Safari hii utamsikia mama yako." Ibtisam sasa ni nesi wa miaka ishirini na saba, na nilimwona akijifunika uso kwa mtandio.

Kanda ilipelekwa na kikaratasi ndani yake. Talib aliandika kwa Kiingereza safi: samahani kwa kelele, ni mke wangu anazungumza juu ya filamu. Aliona haya wale waungwana wasije wakadhani ameharibu kitu chao. Kelele. Mdogo wangu mimi.

Baada ya wiki tatu lilikuja faili la dakika zile sita, tukakaa sebuleni watatu. Picha ilikuwa safi mno. Yule mama wa jikoni alifungua mdomo, akazungumza Kiingereza, na mwanawe akamjibu kwa Kiingereza. Ibtisam aliongeza sauti, akasogea karibu na spika. Dakika sita zikaisha.

"Anaanza wapi, Baba?" aliuliza.

Talib alimpigia Ulrich palepale. Mwanzo Ulrich alieleza kwa furaha: shabiki mmoja alikuwa na sauti safi ya filamu ya siku ile kwenye kaseti, kwa hiyo yeye hakuchomeka hata waya wa sauti. Kanda ilizunguka mara moja, utando wake wa picha na sauti ukabanduka, akaitupa. Alipoambiwa sauti iliyokuwa kwenye kanda ilikuwa ya nani, alilia. Nilitaka kumchukia nikashindwa, maana alifanya kama alivyoandikiwa.

"Si neno, Ulrich," Talib alisema. "Ahsante kwa kazi."

"Ni neno," nilimwambia, simu ikiwa bado sikioni mwake. "Ni neno kubwa, Talib, na mara moja tu katika maisha yako useme hivyo." Alikata simu, akaniomba radhi mimi.

Nilimfuata Ibtisam jikoni. Alikuwa akiosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Bila kunitazama aliniuliza, kwa Kiingereza chake, "Mamkubwa, sauti zenu zilifanana?"

Nilitamani kusema ndiyo. Nikamwambia hapana, yangu nzito, ya mama yako ilikuwa nyembamba. Akaniomba nijaribu kumwita jina lake kama mama yake alivyokuwa akimwita.

Nilimwita. Ikatoka sauti yangu. Nikaipunguza uzito, nikamwita tena, akasubiri huku mikono yake ikidondosha maji. Mara ya tatu nilifumba macho nimsikilize Zuwena kwanza, nipate pa kuanzia, na sikumsikia. Miaka yote hiyo nilijua sauti yake mimi ninayo kichwani.