Sweta Isiyo na Tundu

Nabintu aliniletea sweta ya mtoto. Nikaigeuza nje ndani nikitafuta pa kushona, nisione hata tundu moja.

"Maman, hii ni nzima."

"Tafuta, Papa Fundi. Utaona." Akainua beseni lake la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akaenda zake.

Mimi hushona kwenye baraza sokoni Kamembe. Yeye alivuka mpaka kila asubuhi kwenda kuuza samaki Bukavu, na kila alipopita aliacha nguo: sketi, blanketi dogo, unifomu za watoto wake wawili. Zote nzima, na hakurudi kuchukua hata moja. Nikaziweka katika mfuko chini ya cherehani. Nilidhani ni msahaulifu tu, na mimi si mtu wa kuuliza sana.

Mume wake, Muhigirwa, alikuwa rafiki yangu. Alitufundisha nyimbo za korali kanisani, na alipopita sokoni alikaa kwenye kigoda changu akanichekesha mpaka sindano inanichoma. Siku moja alileta suruali ya kupunguza. Nikainama kuvuta ule mfuko ili abebe nguo za kwake. Honorine, anayeuza vifungo kando yangu, akanikanyaga mguu.

"Hizo hujamaliza, Fundi!"

Muhigirwa akacheka. "Bafundi! Hata siku ya kufa mutasema kesho."

Alipoondoka, Honorine alinisogelea. "Ulitaka kumuua huyu maman? Anatoa vitu kwa nyumba kidogo kidogo, bwana yake asione. Kitambulisho yake iko kwangu."

"Bwana yake huyu?"

"Huyu mwenye alikuwa anakuchekesha. Juzi alimukaba na kitenge yake, batoto banaangalia."

Nilimtazama kana kwamba anasema lugha nisiyoijua. Muhigirwa? Niligusa kigoda. Kilikuwa bado na joto lake.

Alhamisi Nabintu alikuja na watoto, kitambaa kikiwa kimemzunguka shingo na jua linawaka.

"Ulimuambia?"

"Hapana, Maman."

Alipanga nguo zote ndani ya beseni, akazifunika. Honorine akampa kitambulisho. "Dada yangu atakupokea kwa kisiwa ya Nkombo, pale mashua inafikia. Bwana yako hamujui. Kesho atakupeleka kwa ule polisi mwanamuke tuliongea naye. Nenda sasa."

Hawajafika hata ufukweni mwa ziwa, Muhigirwa akatokea upande wa pili wa soko. Alikuwa anahema.

"Papa Fundi, nyumba imefungwa. Nimefungua, unifomu ya batoto haiko. Iko kwako?"

Chini ya cherehani mfuko ulikuwa mtupu. Nikausogeza nyuma kwa mguu.

"Iko," nikasema. "Sijamaliza. Kuya kesho."

Alinikodolea macho kidogo, kisha akacheka kile kicheko chake kile kile. "Siku yote kesho!" Akavuta kigoda, akakaa. "Basi nitamungojea hapa. Mwanamuke hawezi kwenda mbali, unifomu ya batoto iko kwa fundi."

Nilikanyaga cherehani bila uzi, kitambaa kikipita tu chini ya sindano. Naye akaanza kunisimulia kichekesho kipya. Kilikuwa kizuri. Nilisikia kicheko kikinipanda kooni kama zamani, nikaogopa.

Honorine alikuwa amesimama, akitazama chini ziwani. Akatikisa kichwa: mashua bado haijaondoka.

"Sikusikia vizuri," nikamwambia Muhigirwa. "Anza tena."