Sahani za Mama Zimepungua

Mama alitoka kwa daktari ameukumbatia mkoba wake, uso chini, kama mtu aliyesemwa mbele za watu. Mimi nilikuwa nje ya zahanati, naongea kwa simu na mtu wa Tunduma kuhusu kazi. Nilikuwa nimerudi Tukuyu wiki ileile, na tayari miguu ilikuwa inaniwasha kuondoka.

"Amesemaje?"

"Amesema sahani sangu simepungua."

Kiswahili cha mama hakina zeti. Ni Kiswahili cha Wanyakyusa wa zamani, na katika kila mji niliokaa nimekitamani kama mtu anavyotamani chakula cha kwao. Nikacheka kwa furaha ya kukisikia, wala sikuuliza sahani gani.

"Tena anasema twende hospitali ya Mbeya," akaongeza. "Mbeya kuna nini? Kwani hapa hakuna chakula?"

Tulikwenda zahanati kwa sababu fizi zilikuwa zinamtoka damu na miguuni alikuwa na vidoa vyekundu, kama amechomwachomwa sindano. Nilidhani ni uzee. Tukarudi nyumbani, mtaa wa Bagamoyo hapohapo Tukuyu, kwa mguu, mvua ikinyunyiza.

Mama aliwasimulia majirani maneno ya daktari, na jioni sahani zikaanza kuingia. Ya kwanza aliileta jirani yetu, mama wa Kiislamu anayeuza vitenge sokoni, ambaye babu yake alitoka pwani; ndizi za nazi, zimefunikwa kwa kawa. Wakafuata wanawake wa kanisani na magimbi, kande, maharage. Mmoja alisimama mlangoni akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Kumbe mama analala njaa, na kijana wake yupo!"

"Kijana yuko wapi hapo?" mwenzake akamjibu. "Huyo si mzee mwenzetu? Tazama mvi."

Walicheka, nami nikajidai kucheka. Masikio yalikuwa ya moto. Jirani hakucheka. Aliweka ndizi mezani akaniuliza taratibu, "Mwanangu, daktari kasema sahani zake zimepungua. Kwani alikuwa anakula sahani ngapi kwa siku? Wewe unajua?"

Sikujua. Sikujua hata kama alikuwa anakula mchana. Na hapo ndipo neno liliponigeukia. Kidato cha tatu tulifundishwa chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zenye umbo la kisahani. Daktari hakuwa amesema habari ya chakula hata kidogo.

Nikajaribu kuwaeleza. Mshipa ukipasuka, nikasema, chembe hizo ndizo zinazofika kwanza. Zinanata pale palipochanika, zinatoa mikono na kushikana, kisha zinaita nyingine zije. Zikijazana zinaziba tundu, halafu nyuzinyuzi zinajisuka juu yake kama wavu, na damu inaganda. Zikiwa chache, hata kidonda kidogo hakizibi. Niliona kwenye nyuso zao kwamba wanapotea, nikatafuta mfano.

"Ni kama msiba. Kuna wale wanaofika kwanza, wanakaa na mfiwa, wanatuma watu wakawaite wengine."

Mama alikuwa anakula kande yake. Akainua kichwa.

"Basi wewe si sahani. Wewe hufika watu wanakunja mikeka."

Chumba kizima kilicheka isipokuwa mimi. Lakini habari ya Mbeya aliikataa. Alisema kwanza atakula, akishiba damu itarudi. Ningeweza kumbana. Sikumbana, kwa kuwa niliona sina mdomo wa kumwamuru mtu ambaye sijui anakula nini mchana.

Asubuhi aliinama kupuliza moto, damu ikamchuruzika puani. Nikamshika kichwa nikakilaza nyuma. Jirani aliingia mbio na ushungi wake nusu kichwani.

"Mwinamishe mbele! Unataka aimeze yote?"

Alinisukuma kando, akambana pua kwa vidole viwili, akaniagiza nikatafute gari. Nilipolipata na kurudi, kitenge kilichokuwa mapajani mwa mama kilikuwa kimelowa, na damu bado inadondoka. Mama hakubishana tena. Jirani akapanda gari pamoja nasi.

Hospitalini Mbeya walimziba pua kwa pamba, wakampima, wakamlaza. Baadaye daktari, mwanamke wa makamo, akaja kitandani.

"Mtu wake ni nani?"

"Mimi, mwanawe."

"Anatumia dawa gani nyumbani?"

Nilimtazama mama. Alikuwa amefumba macho.

"Vidonge vya magoti," jirani akajibu. "Anakunywa kila anapotoka shamba."

"Damu ilianza kumtoka lini?"

"Kabla ya Pasaka. Kwanza fizi."

"Amewahi kuanguka?"

"Mara moja, bafuni."

Kila swali daktari aliniuliza mimi, na kila jibu lilitoka kwa jirani, mpaka daktari akageuza kiti akamwelekea yeye. Nikabaki nimesimama nyuma, nimeshika mkoba wa mama.

Daktari alieleza kwamba chembe sahani zinatengenezwa vizuri ndani ya mifupa, ila mwili wa mama wenyewe unaziharibu kabla hazijafanya kazi. Vidonge vya magoti aviache kabisa, maana navyo vinazizuia zisishikane. Atapewa dawa nyingine, nazo huchukua muda. Kwa sasa akianguka akajigonga kichwa anaweza kuvuja damu kwa ndani bila mtu kuona. Asikae peke yake.

"Nani anakaa naye?"

Jirani alianza kukunja kanga iliyokuwa tayari imekunjwa. Wagonjwa wa vitanda vya pembeni walikuwa wanasikiliza.

"Mimi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie.

Mama akafumbua macho.

"Daktari," akasema na pua yake iliyozibwa, "muulise tena kesho."

Wodi nzima ilicheka, hata daktari. Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Nilijua ni yule wa Tunduma. Niliiacha iite mpaka ikakata yenyewe, mama akiniangalia mfuko.